Umesimamishwa uwakili: rufaa, mapitio, kurudi kwa jopo au kutumikia adhabu?

Wakili anayepokea uamuzi wa kumsimamisha kazi huwa na hasira, na hasira hukimbilia rufaa. Wenzake nao humchochea: "Kata rufaa, hawa hawawezi kukufanyia hivi." Pengine wana haki. Ila rufaa ni njia moja kati ya nne zilizopo, na kuna watu ambao kwao ndiyo mbaya kuliko zote. Hapa nazilinganisha kwa sheria ya Kenya, kisha nitasema kidogo kuhusu Tanzania, ambako mambo yanaweza kuanza kwa namna nyingine kabisa.

Kwanza isome adhabu yenyewe, polepole. Chini ya kifungu cha 60 cha Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, Jopo la Nidhamu linaweza kumpa wakili onyo, kumsimamisha kwa muda usiozidi miaka 5, kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni 1, kumwamuru amlipe mlalamikaji fidia isiyozidi milioni 5, au kulifuta jina lake kwenye Orodha ya Mawakili. Adhabu hizi huweza kuja mbili mbili au tatu tatu. Kwa hiyo jiulize ni sehemu gani inayokuumiza. Aliyesimamishwa miezi sita na kuamriwa kulipa fidia kubwa mara nyingi ana ugomvi na hiyo fidia, na miezi sita ataimudu. Aliyepewa miaka minne hana anasa hiyo. Ofisi itafungwa, wateja watatawanyika, na makarani watatafuta kazi kwingine kabla mwaka haujaisha.

Baada ya kuisoma adhabu, chukua kalenda.

Rufaa ya Mahakama Kuu

Hii ndiyo njia ambayo sheria yenyewe imeitengeneza. Kifungu cha 62 kinakupa siku 14 tangu ulipopokea taarifa ya uamuzi kupeleka ilani ya rufaa kwa Msajili, kisha siku 30 tangu kutoa ilani hiyo uwasilishe hati ya sababu za rufaa. Siku 14 ni chache kuliko zinavyosikika. Wiki ya kwanza huishia kwenye simu za kupeana pole, ya pili kwenye kutafuta wakili wa kukusimamia, maana wakili anayejitetea mwenyewe katika jambo linalomgusa jina huandika kwa machozi. Kwa kuwa hesabu huanza siku ya kupokea, itunze bahasha yenye muhuri wa posta au barua pepe ikionyesha saa na tarehe. Mabishano ya kama ulichelewa au hukuchelewa huamuliwa na vitu vidogo kama hivyo.

Ubora wa rufaa ni upana wake. Mahakama Kuu inaweza kuutazama ushahidi upya, sheria upya na hata ukubwa wa adhabu. Inaweza kuuthibitisha uamuzi, kuufuta, kuubadilisha au kulirudishia jopo kazi. Kesi ya Selle ya mwaka 1968, ambayo kila mwanafunzi wa sheria Afrika Mashariki ameikariri, inaitaka mahakama ya rufaa ya kwanza ipime ushahidi yenyewe na kufikia hitimisho lake, bila kusahau kwamba haikuwaona mashahidi wakisema. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayokupa nafasi ya kusema mbele ya jaji, "Hawakuielewa taarifa ya akaunti ya mteja, na hii hapa ndiyo maana yake."

Lakini upana huo hauna faida kama hati yako imejaa maneno ya mazoea. Sababu iliyoandikwa kwamba jopo lilikosea kisheria na kiukweli haimwambii jaji chochote. Iweke kando ya hii: "Jopo liliona kwamba mrufani hakutoa hesabu ya shilingi 2,400,000, ilhali kiambatisho cha nne cha hati yake ya kiapo ni risiti ya benki inayoonyesha fedha hizo zilipelekwa kwa mlalamikaji, na uamuzi haukitaji kiambatisho hicho popote." (Kiasi hicho ni cha mfano.) Hii ya pili inamfanya jaji afungue jalada na kukitafuta kiambatisho cha nne. Ukipata sababu mbili za aina hiyo, zitoshe. Hati zenye sababu kumi na saba huwa zinaficha kwamba mwandishi hakupata hata moja iliyo nzito.

Kama shtaka lilikuwa na harufu ya udanganyifu, ipo hoja moja kongwe ambayo watu huisahau. Mwaka 1956, katika shauri la Bhandari lililotoka hapa hapa Kenya, Baraza la Faragha la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, lilisema kwamba tuhuma za utovu wa nidhamu zinazohusu hila au upotovu wa maadili zinahitaji kuthibitishwa kwa kiwango cha juu, na kuegemea upande unaoelekea tu kuwa mzito hakutoshi. Pitia uamuzi wako. Kama jopo limesema "inaonekana" au "huenda" pale lilipopaswa kusema "imethibitika", hapo una rufaa.

Ukiwa huna mgogoro na hatia, unalalamikia adhabu tu, punguza matumaini. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Uingereza: kesi ya Bolton dhidi ya Law Society, yaani chama cha mawakili cha huko. Wakili huyo aliziachilia fedha za mkopeshaji kabla ya kupata dhamana, ingawa hakuonekana kuwa mwizi. Alisimamishwa miaka 2. Akakata rufaa, adhabu ikageuzwa kuwa faini ya pauni 3,000, na bila shaka siku hiyo palikuwa na sherehe nyumbani. Law Society ikaenda juu, na Mahakama ya Rufaa ikairudisha miaka miwili. Hoja ya jaji Sir Thomas Bingham ilikuwa kwamba adhabu za kitaaluma zipo zaidi kulinda imani ya umma kwa mawakili, kwa hiyo mambo ya binafsi, kama familia, madeni na miaka mingi ya utumishi safi, hayana uzito yanaoupata katika kesi ya jinai. Barua za padri, imamu na mwalimu mkuu zinasaidia, lakini haziinui mzigo peke yake.

Sasa lile linalowaponza wengi. Stakabadhi ya kufungua rufaa usiichukulie kuwa ruhusa ya kuvaa joho. Pamoja na rufaa, omba amri ya kusimamisha utekelezaji wa adhabu, na uombe mapema. Jaji atataka kujua hasara gani isiyofidika itakupata, kama umekuja bila kuchelewa, na kama umma utakuwa salama ukiendelea kufanya kazi. Hilo la tatu ndilo linalopuuzwa kwenye viapo. Kama lalamiko lilikuwa la kushikilia fedha za mteja, zipeleke fedha zenyewe, au dhamana yake, kabla hujasimama kuomba huruma. Hati ya kiapo inayosema "nina familia" na kunyamaza kuhusu fedha za mteja haitaenda mbali, wala sioni kwa nini iende.

Na hapa ndipo kalenda inarudi. Adhabu ya miezi sita bila amri ya kuisimamisha inaweza kwisha kabla rufaa haijapewa tarehe ya kusikilizwa. Ukifika hapo unapigania jina lako na rekodi yako, na hilo ni jambo halali kabisa, ila ulijue tangu mwanzo ili usije ukalipa ada za mwaka mzima ukidhani unanunua nafasi ya kurudi kazini.

Mapitio ya mahakama

Njia hii inapendwa na mawakili wa mambo ya katiba, na inavutia kwa sababu inasikika nzito: Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010, Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, haki ya kusikilizwa. Tofauti yake na rufaa ni kwamba jaji haulizi kama uamuzi ulikuwa sahihi. Anauliza ulivyofikiwa. Je, jopo lilikuwa na mamlaka? Lilikusikiliza? Uamuzi una mantiki ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuifuata? Kesi ya Pastoli ya Uganda, ya mwaka 2008, inatajwa katika karibu kila ombi la aina hii: uharamu, ukosefu wa mantiki, ukiukaji wa utaratibu. Nje ya hayo matatu huna kitu.

Ukishinda, kwa kawaida uamuzi unafutwa na jopo linaweza kuanza upya, safari hii kwa uangalifu zaidi. Nimesikia watu wakishangilia ushindi wa namna hiyo kana kwamba wamesafishwa. Hawajasafishwa, na lalamiko bado lipo mezani.

Kikwazo kikubwa ni kifungu cha 9 cha ile sheria ya 2015: mahakama haitaipitia hatua ya kiutawala mpaka njia nyingine zilizowekwa na sheria ziwe zimetumika, isipokuwa kwa hali za kipekee na kwa ombi la mhusika. Na rufaa ya kifungu cha 62 ni njia iliyowekwa na sheria. Hoja hii ni ya zamani kuliko sheria yenyewe. Mwaka 1992, katika kesi ya Spika wa Bunge dhidi ya Njenga Karume, Mahakama ya Rufaa ilisema palipo na utaratibu ulio wazi wa kutafuta nafuu, ufuatwe. Kwa hiyo wakili wa upande wa pili atasimama na dakika tano tu za maneno: mheshimiwa, huyu alikuwa na rufaa.

Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inatoa miezi 6 ya kuomba uamuzi ufutwe, na muda huo ndio unaowavuta waliochelewa. Aliyepitisha siku zake 14 akiwa amekaa huona miezi sita kama mlango wa nyuma. Majaji wanaujua mlango huo. Kama ulichelewa, ni afadhali kuomba nyongeza ya muda ukaeleza sababu kwa ukweli kuliko kulivika koti la katiba jambo ambalo ni rufaa iliyopitwa na wakati.

Ni nani basi anafaa kuja huku? Mtu ambaye jopo lilimhukumu bila mamlaka, au mjumbe aliyeketi alikuwa na maslahi ya wazi katika shauri, au amesimamishwa na chombo ambacho sheria haikukipa uwezo huo. Pia mtu mwenye tarehe isiyosogea mbele yake. Tanzania iliona jambo la jirani na hili mwaka 2024, ingawa halikuhusu leseni: wakili Boniface Mwabukusi alienguliwa kugombea urais wa TLS, Chama cha Mawakili Tanganyika, akaenda Mahakama Kuu, akarudishwa kwenye kinyang'anyiro mwezi Julai na kushinda uchaguzi mwanzoni mwa Agosti. Mahakama inaweza kwenda mbio ikiona kwamba kuchelewa ni sawa na kukataa. Kwa adhabu ya kawaida ya kusimamishwa, si rahisi kuishawishi kwamba hali yako ni hiyo.

Kurudi mbele ya jopo lenyewe

Watu hulipita hili haraka, na ni kosa, kwa kuwa sehemu ya mashauri ya nidhamu huamuliwa mshtakiwa akiwa hayupo. Lalamiko limeandikwa, barua zimetumwa kwenye sanduku la posta la ofisi aliyohama zamani, kiungo cha kikao cha mtandaoni kimekwenda kwenye barua pepe isiyofunguliwa. Siku wakili anapojua, hatia imekwisha kuandikwa na inasubiriwa siku ya adhabu, au adhabu yenyewe imetoka.

Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa, mtu wa kwanza wa kumwendea ni yule yule aliyetoa uamuzi. Ombi la kutengua uamuzi uliotolewa bila upande wako kusikika ni la bei nafuu na linakwenda upesi kuliko rufaa. Muhimu zaidi, linakurudisha mahali pa kuleta ushahidi, kitu ambacho kwenye rufaa ungeomba ruhusa maalumu. Lijaze vitu viwili. Kwanza, maelezo ya kweli ya kwa nini hukufika, yakiambatana na mkataba mpya wa pango la ofisi au nakala ya barua uliyokijulisha Chama anwani yako mpya. Kama hukuwahi kukijulisha Chama cha Mawakili kwamba umehama, sema hivyo, usimsingizie mtu wa posta. Pili, utetezi wenyewe, si ahadi ya utetezi. Jopo litauliza: tukikufungulia, utatuambia nini ambacho kingebadilisha mambo? Ukiwa na taarifa ya akaunti ya wateja na barua za kukabidhi fedha, ziambatishe siku hiyo hiyo.

Hata wakati huu usiache siku 14 zipite ukingoja huruma ya jopo. Hakuna ubaya kuipeleka ilani ya rufaa kwa Msajili kama kinga, kisha uendelee na ombi lako, mradi ulieleze jopo na mahakama kinachoendelea kila upande. Kuficha ndiko kunakoudhi.

Kukubali na kutumikia

Hakuna anayependa kuisikia, ila kwa adhabu fupi iliyotolewa baada ya kusikilizwa vizuri, mara nyingi hii ndiyo ningeichagua. Lipa fidia, kabidhi majalada, pumzika, rudi. Kusimamishwa kuna mwisho unaojulikana. Ni tofauti na kufutwa kwenye Orodha, ambako kurudi kunahitaji ombi jingine na maelezo mengi.

Ugumu wake ni nidhamu ya kukaa pembeni kweli. Kutokea kortini "kumshikia mwenzako" tarehe, kuandika barua za madai kwa karatasi za ofisi ya rafiki, kumshauri mteja wa zamani kwa ada inayopitia M-Pesa ya mke wako: yote hayo ni kufanya uwakili bila sifa, na kila mmoja aliyekusaidia unamtia matatani. Lalamiko la pili likija kipindi hiki, jopo halitaliangalia kama la mtu mwenye kosa moja.

Wateja nao huogopa kwamba hati ulizowaandalia zimeharibika. Mwaka 2015, katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba hati inakuwa batili kwa sababu tu aliyeiandaa hakuwa na cheti cha uwakili cha mwaka ule. Waeleze hivyo, na usiichukue kesi hiyo kuwa leseni ya kuendelea kuandika.

Mkiwa Tanzania Bara

Sheria ya Mawakili ya huko, Sura ya 341, inabadilisha mchezo kwa jambo moja kubwa: mbali na Kamati ya Mawakili, ambayo mwenyekiti wake ni jaji, jaji wa Mahakama Kuu mwenyewe ana uwezo wa kumsimamisha wakili kwa muda. Kwa hiyo unaweza kuingia kortini asubuhi kutetea kesi na kutoka bila leseni. Ndivyo ilivyomtokea Fatma Karume, rais wa zamani wa TLS, Septemba 2019, kwa maneno yaliyokuwa kwenye hoja zake za maandishi katika kesi ya kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa wakati huo. Mwaka mmoja baadaye Kamati ikaamua aondolewe kwenye Orodha. Akakata rufaa, na Juni 2021 Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi wa Kamati.

Hesabu ya muda ndiyo ninayotaka uione. Toka uamuzi wa Kamati hadi rufaa kuamuliwa ilipita takriban miezi 9. Toka siku aliposimamishwa na jaji, karibu miezi 21. Kwa mtu aliyeondolewa kabisa, rufaa ilikuwa njia pekee yenye maana, na ilifaa kuisubiri. Kwa aliyesimamishwa miezi sita, kungoja rufaa miezi 9 kungekuwa mara moja na nusu ya adhabu yenyewe. Amri ile pia ilihusu Tanzania Bara, kwani Zanzibar ina utaratibu wake wa mawakili. Wakili mwenye leseni zaidi ya moja asome amri inasema wapi, kabla hajafunga ofisi zote.

Ningechagua ipi?

Hukusikilizwa: rudi kwa jopo, na ilani ya rufaa iwe mfukoni. Ulisikilizwa, una risiti ambazo hazikutazamwa, na adhabu inapita mwaka: rufaa, pamoja na ombi la kuisimamisha adhabu. Ulisikilizwa, kosa lipo, adhabu ni ya miezi michache: tumikia, na kama fidia imezidi hasara halisi ya mlalamikaji, kata rufaa juu ya fidia peke yake. Mapitio ya mahakama yabaki kwa aliyehukumiwa na asiye na mamlaka.

Na vyovyote utakavyoamua, wiki ya kwanza pitia majalada yote ukitafuta tarehe za ukomo wa kufungua madai. Mteja wa ajali ambaye muda wake wa kushtaki unakwisha mwezi ujao hawezi kusubiri rufaa yako. Mwandikie, mpe jalada lake, mpe na fedha zake zilizobaki kwenye akaunti ya wateja, achukue risiti. Kisha angalia cheti chako cha uwakili: kinakwisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, na adhabu iliyoanza Agosti ikaisha Februari itakukuta huna cheti cha mwaka mpya. Andaa alama za mafunzo endelevu na ada ya Chama mapema, ili usije ukamaliza kutumikia kisha ukakaa nyumbani miezi mingine kwa sababu ya fomu.